VOLANI INAYOCHEZA
Kwa nini viungo vya usukani wa pikapi zetu vinakufa kabla ya wakati, na jambo hilo linamhusu nini mganga



Mtauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini chini ya gari? Kazi yake ni sindano na vidonge, mambo ya bulo na grisi awaachie watu wa garaji. Swali ni la haki. Jibu ni hili: gari likikosa volani, wanaoletwa kwenye dispansere si vyuma, ni watu. Na hata kabla gari halijaanguka, volani mbovu imekwisha kuumiza watu kidogo kidogo, vidole gumba, mabega, kiuno. Hao wote napokea mimi. Kwa hiyo ugonjwa wa gari na ugonjwa wa shofere ni somo moja, na leo tutalianza chini ya gari.

KIUNGO CHA CHUMA NA KIUNGO CHA MTU

Weka mkono juu ya nyonga yako, kisha zungusha mguu. Unasikia namna unavyokwenda pande zote bila kukwama? Ndani mna kichwa cha mfupa, cha mviringo kama mpira, nacho kimekaa katika kikombe cha mfupa mwingine. Kati yao mna maji yenye utelezi, na kuzunguka yote mna mfuko mgumu unaozuia maji yale yasitoke na uchafu usiingie.

Rotuli ya gari ni kitu kilekile. Ni tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma. Badala ya maji yenye utelezi mna grisi, na badala ya mfuko mna kofia ya mpira mweusi. Mtu aliyefahamu nyonga amekwisha fahamu rotuli. Na mwanzo wa ugonjwa pia hufanana: kofia ya mpira ikipasuka, grisi inatoka, maji na mchanga vinaingia, na tangu siku hiyo kila unapogeuza volani unakuwa unasaga tufe kwa mchanga. Piyesi iliyofanywa ili idumu miaka inamalizika katika miezi. Tena mpira wa kofia ile ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo chini ya gari.

Pikapi zetu si za namna moja, basi tusizichanganye. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, ekseli ya mbele ni mti mmoja mgumu kutoka gurudumu hata gurudumu. Kila gurudumu hugeuka juu ya rulema mbili, moja juu na moja chini, ndani ya tufe kubwa lililojaa grisi. Mkanda wa mpira na wa kitambaa kigumu unalifuta tufe hilo kila linapogeuka. Mkanda ukichakaa, matope yanaingia na grisi inatoka nje kama uji mweusi. Ukiona uji huo nyuma ya gurudumu la mbele, usiseme ni uchafu wa njia.

Katika Hilux za zamani zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea kuna sanduku la volani, fimbo ya katikati, fimbo mbili za pembeni, na upande wa pili wa sanduku kuna mkono mdogo usioendeshwa na mtu, unaofuata tu. Mkono huo mfuasi ndio unaochoka mapema na ndio unaosahauliwa. Hilux zilizotoka tangu mwaka 2005 zina kremayeri, yaani mti wenye meno unaosukumwa kushoto na kulia, na kila upande una mfuko wa mpira wenye mikunjo kama akordeoni. Mfuko ule ukitoboka, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye meno.

NJIA ZETU ZINAVYOKULA VYUMA

Kutoka Bukavu kupitia Katana, Kalehe na Nyabibwe mpaka Minova, barabara ya taifa namba 2 hufuata kando ya ziwa Kivu, inapanda na kushuka, na kona hazihesabiki. Ukiendelea kwenda Sake na Goma unaingia katika mawe ya volkano. Moto wa Nyamulagira wa miaka 1938 mpaka 1940 ulifika ziwani karibu na Sake, na ule wa Nyiragongo ulishuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Mawe yale yakisagwa na magurudumu hufanya vumbi jeusi lenye makali kama unga wa chupa. Hilo ndilo linaloingia katika kofia iliyopasuka wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti. Miezi mingine yote ni matope.

Matope peke yake pengine yangevumilika. Lakini kutoka Minova kupanda Numbi kuna mashimo yaliyojaa maji, na shofere hajui kina chake. Gurudumu linapopiga ukingo wa shimo, pigo lote linapita kwenye rotuli kabla halijafika kwa springi. Na mvua kubwa inapobadilisha njia, mawe mapya yanakaa pasipokuwa na jiwe jana. Sisi tunakumbuka Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yalipoua watu zaidi ya 400 katika teritware ya Kalehe. Njia iliyopita katika maafa ya namna ile hairudi kuwa njia ileile.

Wengine watasema: kama ni hivyo, lawama ni ya barabara, sisi tufanye nini? Nakubali nusu tu. Gari mbili zikipita njia moja kwa mwaka mmoja, moja inaweza kubadilishwa rotuli mara nne na nyingine mara moja. Tofauti si njia. Tofauti ni mizigo, mipira, grisi na mikono ya anayeendesha.

Tuanze na mizigo, kwa sababu hapa mgodi una udanganyifu wake. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Mfuko wa kilo 50 wa kasiterite ni mdogo, mtoto anaweza kuukalia kama kigoda. Hilux nyingi zimefanywa kubeba karibu tani moja, ni kusema mifuko 20, pamoja na watu. Ukiweka mifuko 20 nyuma, sanduku la gari linaonekana tupu! Basi macho yanasema ongeza, na anayepakia anaongeza, kisha watu sita wanapanda juu. Nyuma inakaa chini, pua ya gari inainuka, na volani inakuwa nyepesi kama ya mtumbwi. Mlima ukianza kushuka na freni ikikanyagwa, uzito wote unarudi mbele kwa pigo moja juu ya viungo vilivyokuwa vinaelea. Shofere wa mihogo huona kwa macho kwamba amejaza. Shofere wa madini sherti ahesabu mifuko.

Mipira nayo. Mpira mpana kuliko ule uliowekwa na kiwanda unapendeza macho, lakini unavuta fimbo za volani kwa nguvu zaidi kila unapopiga jiwe. Hewa isiyo sawa kushoto na kulia inalazimisha volani kupigana upande mmoja siku nzima. Pima hewa asubuhi, mipira ingali baridi. Amortisere zilizokufa pia zinaua rotuli, maana gurudumu linarukaruka na kila mruko ni nyundo.

Juu ya kuosha gari: najua wengi wanaingiza gari ziwani mpaka katikati ya magurudumu na kupiga maji kwa nguvu chini. Gari linang'aa. Lakini rotuli iliyokuwa ya moto ikiingizwa ghafula katika maji baridi inanyonya maji kupitia kila ufa mdogo wa kofia yake. Acha gari lipoe, osha matope kwa maji yasiyo na nguvu, halafu tazama kofia zote kwa kidole na tochi. Mahali penye chuchu ya grisi, sukuma grisi mpya mpaka ile chafu itoke. Katika njia kama zetu, kila kilomita 5,000 ndiyo mwisho, na baada ya kupita mtoni ni siku ileile. Rotuli nyingine hazina chuchu, zimefungwa tangu kiwandani. Hizo kofia ikipasuka hakuna dawa ila kubadilisha.

KUGEUZA VOLANI GARI LIMESIMAMA

Jambo hili nataka tulikalie kidogo, maana wengi hawalihesabu kuwa ni kosa.

Gari likisimama, mipira imeshika udongo. Ukigeuza volani hapo, hasa mpaka mwisho wake, nguvu yote ya mikono yako, au ya pompi ya mafuta inayokusaidia, inapinda fimbo na kusukuma rotuli bila magurudumu kutaka kutii. Fanya hivyo mara 30 kwa siku katika uwanja mdogo wa kupakia.

Si maneno ya mganga tu. Mwezi wa nane mwaka 2004, huko Kumamoto katika Japani, Hilux Surf moja ilikosa volani, ikagonga gari lingine, na watu 5 wakaumia. Fimbo ya katikati ya volani ilikuwa imevunjika. Mwaka huohuo kampuni ya Toyota iliita kwa ajili ya matengenezo magari zaidi ya 330,000 ya jamii ya Hilux katika Japani, na mwaka 2005 ikaita karibu milioni 1 ya pikapi na magari ya jamii hiyo katika Marekani. Sababu iliyotajwa: volani ikigeuzwa mara kwa mara mpaka mwisho gari likiwa limesimama au likienda polepole sana, kama wakati wa kuliegesha, fimbo inaweza kupata nyufa ndogo ndogo, na siku moja ikakatika. Mwezi wa Desemba 2010 Toyota ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 32.4 kwa mambo mawili ya kuchelewa, na karibu nusu yake ilikuwa kwa ajili ya fimbo hii.

Angalieni kwamba kosa lilikuwa katika piyesi, na hata hivyo mikono ya shofere ndiyo iliyoamua piyesi ife lini. Tena magari yale yalitengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, na Hilux za umri huo hazijaisha katika njia za Kivu. Aliye nayo alale chini yake na tochi, aisafishe fimbo ya katikati kwa kitambaa na kuitazama urefu wote. Kwa magari mengine yote dawa ni rahisi: acha gari litembee kidogo ndipo ugeuze, na ukifika mwisho wa volani, rudisha kidogo, usiibane pale.

DAWA ZA UONGO

Katika dispansere tunawajua watu wanaonunua vidonge viwili sokoni badala ya dozi nzima, homa inashuka siku tatu, kisha inarudi na nguvu mpya. Garaji pia ina vidonge viwili vyake. Kuna kupiga kikombe cha rotuli kwa nyundo ili kilibane tufe. Kuna kutia kipande cha mpira wa ndani au cha ngozi. Kelele inanyamaza wiki moja. Tufe limekwisha kuwa kama yai, kwa hiyo linabanwa upande mmoja na kulegea upande mwingine.

Mbaya kuliko yote ni kuchomelea fimbo ya volani iliyopinda au kupasuka. Chuma kile kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto wa kuchomelea unaharibu kipimo hicho, na kando ya mahali palipochomelewa kinakuwa kama biskuti. Kinaweza kuonekana kizuri, kikapakwa na rangi. Fimbo ya volani na rotuli hazichomelewi, zinabadilishwa.

Juu ya piyesi za okazio zinazouzwa Bukavu na Goma, sikatazi, najua hali ya mfuko. Lakini rotuli ya okazio ishike mkononi na ulizungushe tufe lake: liwe na ugumu ulio sawa pande zote. Likianguka lenyewe kwa uzito wake, limechoka, rudisha. Na nati yake ifungwe na gupili mpya, kile kipini cha waya kinachopindwa ili nati isilegee. Msumari si gupili.

KUPIMA: WATU WAWILI NA DAKIKA KUMI

Mekanisie mzuri ana mashine zake. Sisi tuna macho, masikio na mwenzetu mmoja.

Gari likiwa mahali pa usawa, mipira ikitazama mbele, geuza volani kwa kidole kimoja kushoto na kulia mpaka uone mpira umeanza kutii. Umbali ule wa bure kwenye ukingo wa volani, vitabu vya Toyota kwa kawaida haviruhusu upite milimita 30, ni kusema karibu upana wa vidole viwili. Ukipata vidole vitatu, gari halitoki.

Kisha mwenzako alale chini, gari limefungwa freni na magurudumu yamewekewa mawe. Wewe tikisa volani kidogo kidogo, yeye aweke vidole juu ya kila rotuli, moja baada ya nyingine. Kiungo kibovu kinasikika katika kidole kabla hakijaonekana kwa jicho: fimbo inaanza, na mkono wa gurudumu unachelewa kuifuata.

Mwisho, inua gurudumu moja la mbele kwa kriki, na usisahau kuweka gogo chini ya chasi, maana kriki pekee imekwisha niletea wagonjwa. Shika mpira kushoto na kulia, kama saa tisa na saa tatu za uso wa saa, utikise. Ukicheza, tuhumu rotuli za fimbo. Shika juu na chini, utikise. Ukicheza hapo, tuhumu rulema za gurudumu au rotuli kubwa za juu na chini. Ukicheza pande zote mbili sawasawa, anza na rulema.

Mipira nayo ni kitabu, asiyejua kulala chini asome hapo. Pitisha kiganja juu ya meno ya mpira kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukisikia upande mmoja laini na mwingine wenye makali kama msumeno, paralelismi imeharibika. Hiyo inaweza kupimwa kwa utepe hata pasipo mashine. Weka alama ya chaki katikati ya mipira yote miwili kwa mbele, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, na upime kati ya alama. Sukuma gari mpaka alama ziwe nyuma kwa urefu uleule, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ilinganishwe na kitabu cha gari hilo. Lakini usirekebishe paralelismi juu ya rotuli mbovu, ni kazi ya bure.

NA MWILI WA SHOFERE

Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi una mtikisiko wake unaouchukia: mapigo kama 4 mpaka 6 kwa sekunde. Njia mbaya hutoa hasa mapigo ya namna hiyo. Volani inayocheza inaongeza, kwa sababu shofere anainama mbele, anakaza mabega na kushika kwa nguvu saa zote ili gari lisimpotee. Yule anayekuja kuniomba dawa ya kiuno kila mwezi, siku hizi namwuliza kwanza anaendesha gari gani.

Kidole gumba ndicho kinachoniletea wengi. Gurudumu likipiga jiwe, volani inaruka kwa kasi ambayo mtu haiwezi, na mkono wake wa chuma unakipiga kidole kilichofungwa ndani. Katika njia mbovu weka vidole gumba juu ya ukingo wa volani, pamoja na vingine, visizunguke kwa ndani. Kikipigwa, vua pete mara moja kabla mkono haujavimba, funga kidole kisitikisike, weka kitambaa cha maji baridi. Ukiumia hasa kwenye shina la kidole, karibu na kiganja, au ukishindwa kushika kikombe, njoo. Kabla ya picha usimpe mtu akukande na kukuvuta, kwani mfupa uliovunjika hapo ukivutwa vibaya hautashika tena koleo wala volani kama zamani.

NANI ANASIMAMISHA GARI?

Hapa ndipo penye ugumu, na tusifiche. Shofere anajua volani inacheza. Lakini mzigo unangojwa, shefu ana haraka, na asiyetoka leo anaogopa kwamba kesho gari litapewa mwingine. Anaondoka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17. Kando ya ziwa kuna mahali ambapo kati ya mpira na ukingo hakuna hata mita mbili. Watu walio juu ya mizigo hawakuulizwa lolote.

Kodi ya Kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kampuni iwe na Komite ya Usalama, Usafi na Urembesho wa mahali pa kazi. Gari la kampuni ni mahali pa kazi. Ninyi mashefu wa garaji na wa usafiri, shofere akisema volani inacheza, kumpeleka njiani kwa maneno ya «jikaze tu» ni kuchukua juu yenu watu wote walio nyuma. Nasema hivi bila kumkosea mtu heshima. Rotuli inabadilishwa kabla ya saa sita mchana. Mguu uliovunjika unachukua miezi, na mwingine haurudi.

Nawe shofere, usiseme kwa mdomo peke yake kisha ukanyamaza. Andika katika daftari la gari: tarehe, kilomita, na kile ulichosikia au kuona. «Inagonga mbele kushoto nikikata kona.» «Vidole vitatu vya bure.» «Kofia ya rotuli ya kulia imepasuka.» Maneno hayo yanatosha, si lazima ujue jina la piyesi. Mwombe shefu aweke sahihi chini yake. Daftari lisipojibiwa kwa siku mbili, lilete kwa mjumbe wa Komite, au upite nalo dispansere, mlango uko wazi tangu saa moja asubuhi.